Anayerithi Shamba Hurithi na Deni

Babu yangu alizikwa mwezi Juni mwaka jana, na anayeijua Uyole anajua baridi ya Juni ilivyo. Wanawake tulilala ndani, wanaume wakakesha nje wakiota moto. Kaka yangu, mjukuu wa kwanza wa marehemu, alikesha peke yake ng'ambo ya uzio, na moto wake mwenyewe. Wazee wa ukoo walimpa sharti moja tu: anyoe rasta zake ndipo aketi na wafiwa. Hakunyoa. Na mimi, mwanafunzi wa historia ambaye naweza kuongea semina nzima juu ya Mkutano wa Berlin bila kutazama daftari, sikufungua mdomo.

Kesho yake, kabla jeneza halijashushwa, msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Watu wakacheka chini chini hapo pa pili, maana hapo huwa hajitokezi mtu. Akasimama muuza pembejeo mmoja, akasema kwa adabu zote kwamba mzee alichukua mifuko miwili ya mbolea ya viazi, na shilingi 140,000 hazijalipwa. Baba zangu wadogo wakaanza kutazamana. Kimya kikawa kirefu. Halafu mtoto mdogo akapita katikati ya watu, ameshika noti zilizofungwa kwenye kitambaa. Zilitoka ng'ambo ya uzio.

Tangu siku ile swali moja haliniachi: mrithi ni nani? Ni yule ambaye ukoo umemkubali, au yule anayelipa deni? Jibu langu nimeliandika kama somo, kwa sababu swali hili si la ukoo wetu peke yake. Linawahusu mamilioni ya watu ambao mababu zao walipakiwa melini, na linatuhusu sisi ambao wetu walibaki.

JUMAMOSI KWA KINA KAKA

Kaka alirudi kutoka Tunduma, alikokuwa anapakia mizigo kwenye malori, akiwa na nywele ndefu na ngoma moja. Sasa anauza viazi sokoni Uyole. Jumamosi jioni yeye na wenzake saba au nane hukutana kwenye kijumba kilichopo juu ya mteremko. Hawali nyama, hawanywi pombe. Hupiga ngoma, husoma Biblia, kisha hujadiliana mpaka usiku. Nywele zao wanazitetea kwa kitabu cha Hesabu sura ya 6, penye sheria za mtu aliyeweka nadhiri ya kutonyoa. Wanasema wao ni Rastafari, watoto wa Afrika iliyovuka bahari kwenda Karibi na sasa imerudi nyumbani. Mwenzao mmoja huvaa tarabushi nyekundu na kusema kwamba yeye ni Mmuri, yaani uzao wa wale Waislamu wa Afrika Kaskazini walioitawala Hispania.

Bibi yetu, ambaye ni Mmoravian tangu kuzaliwa, huwa anauliza swali moja tu: "Sasa hawa watoto wa Kisafwa, huko Jamaika walikwenda lini?"

Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaona ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa kwenye mtihani. Tulichukue kwa uzito.

JINA LILIKUJA KWA UONGO, MDUNDO ULIKUJA KWA MINYORORO

Tuanzie Jamaika, kisiwa ambacho wengi wa watu wake ni uzao wa watumwa kutoka Afrika. Marcus Garvey, Mjamaika aliyeanzisha chama chake cha UNIA mwaka 1914, alikuwa ameshawafundisha watu weusi kuitazama Afrika kama nyumbani. Tarehe 2 Novemba 1930, Ras Tafari Makonnen alitawazwa Addis Ababa kuwa Mfalme Haile Selassie wa Kwanza. Huko Jamaika wakatokea wahubiri, Leonard Howell akiwa mmoja wa wa kwanza, wakasema: huyu ndiye tuliyemngoja. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilimfunga Howell kwa uchochezi. Hilo neno "ras" kwa Kihabeshi ni kichwa, tena ni cheo cha heshima. Kwa hiyo wazee wetu walipomwambia kaka anyoe rasta, bila kujua walikuwa wanataja cheo cha mwana wa kifalme.

Sasa ngoma. Mikesha mikubwa ya Rastafari, pamoja na ngoma zake, huitwa Nyabinghi. Jina hilo si la Karibi. Ni la kwetu huku Maziwa Makuu, kusini magharibi mwa Uganda na kaskazini mwa Rwanda, ambako Nyabingi ni pepo wa kike aliyeheshimiwa sana. Hata Mswahili akilisikiliza jina hilo atasikia "vingi" ndani yake. Mwanamke aliyeitwa Muhumuza, aliyejulikana kuwa mke wa Mfalme Rwabugiri wa Rwanda, aliongoza watu kwa jina la Nyabingi kuwapinga wakoloni. Waingereza walimkamata mwaka 1911 na kumweka Kampala hadi alipofariki mwaka 1945.

Jina hilo lilifikaje Jamaika? Hapa ndipo somo linapoanza kuuma. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Desemba mwaka huo gazeti moja la Jamaika lilichapisha makala iliyodai kwamba kuna jeshi la siri la watu weusi liitwalo Nyabinghi, kiongozi wake ni Haile Selassie, na lengo lake ni kuwaangamiza wazungu. Jeshi hilo halikuwepo. Ilikuwa ni habari ya kuwatisha watu wa Ulaya ili wasiihurumie Ethiopia. Lakini maskini wa Kingston walipoisoma hawakuogopa, walifurahi. Wakasema, basi na sisi ni Nyabinghi.

Midundo yenyewe ina njia nyingine. Miaka ya 1950 mpiga ngoma Count Ossie na wenzake walijifunza kwa wapigaji wa buru, ngoma iliyobaki mikononi mwa uzao wa watumwa tangu enzi za mashamba ya miwa. Kwa hiyo ngoma ile ile moja, jina lake lilisafiri ndani ya uongo wa gazeti, na mdundo wake ulisafiri ndani ya meli ya watumwa. Ukimwambia kaka kwamba jina la ngoma yake lilipelekwa Jamaika na propaganda, utakuwa umesema kweli. Ukimwambia kwamba kwa hiyo ngoma yake ni ya uongo, utakuwa umekosea.

Na swali la bibi? Jibu mojawapo ni kwamba Jamaika ilikuja yenyewe. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ilimzuia Walter Rodney, mhadhiri kutoka Guyana, asiingie tena nchini. Kosa lake kubwa lilikuwa kutoka darasani na kwenda kukaa na Rastafari na watu wa mitaa ya mabanda, akiwafundisha historia ya Afrika na kujifunza kwao. Wanafunzi wenzetu wa huko waliandamana kumtetea. Mwaka 1969 Rodney alirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikokuwa amefundisha kabla, akabaki hadi 1974. Kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, ambacho bado tunapewa kukisoma, kilitoka mwaka 1972 akiwa hapa kwetu. Tumekuwa tukijibu mitihani kwa akili iliyopikwa pamoja na Rastafari, halafu nyumbani tunawaweka ng'ambo ya uzio.

ALIKOSEA KATA, HAKUKOSEA WILAYA

Yule wa tarabushi anachekwa zaidi, hata na wenzake. Kofia yake ina historia. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, mtu aliyejiita Noble Drew Ali alianzisha jumuiya ya kidini ambayo kwa masimulizi yao wenyewe ilianza mwaka 1913 mjini Newark, ikakua sana Chicago miaka ya 1920. Aliwafundisha watu weusi kwamba wao si "Negro", ni Wamuri, na nchi yao ya asili ni Moroko. Wafuasi walivaa tarabushi, wakabeba kadi za utambulisho, wakaongeza El au Bey kwenye majina yao.

Mwanafunzi wa historia ana haki ya kukunja uso hapa. Watumwa wengi waliopelekwa Marekani walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, hawakutoka Moroko. Kitabu kitakatifu cha Drew Ali, cha mwaka 1927, sehemu yake kubwa imechukuliwa kutoka kitabu cha Mmarekani mmoja, Levi Dowling, kilichochapishwa mwaka 1908. Haya yamethibitishwa na hayana haja ya kufichwa.

Lakini ngoja kidogo. Mwaka 1834 huko Jamaika, mtu aliyeitwa Abu Bakr al-Siddiq aliachiwa huru baada ya utumwa wa miaka karibu thelathini. Alizaliwa Timbuktu, akasoma Kurani Jenne. Kwenye shamba la bwana wake alikuwa akiandika kwa Kiarabu, na kwa Kiarabu aliandika maisha yake. Huko Marekani, Omar ibn Said wa nchi ya Senegal aliandika yake mwaka 1831, naye akiwa mtumwa. Waislamu wasomi wa Kiafrika walikuwemo kweli kwenye mashamba yale. Watoto wao walinyang'anywa majina, lugha na sala, mpaka wajukuu wakabaki na fununu tu kwamba zamani tulikuwa watu wa kitabu.

Kwa lugha ya kwetu, Drew Ali alikosea kata, hakukosea wilaya. Alijua kuna kitu kimepotea, akakitafuta gizani, akakamata kilichokuwa karibu. Na tofauti yake na sisi ni nini? Mimi nikitaka kujua jina la babu wa babu yangu, napanda bajaji kwenda kwa mzee fulani Ilomba, ananitajia. Yeye jina alilokuwa nalo lilikuwa la aliyemnunua babu yake. Aliyebaki na vyeti vyote asimcheke aliyeunguliwa na nyumba.

KANISA LA BIBI

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi hosteli. Kanisa la Moravian lilifika kwetu mwaka 1891, wamisionari wa Kijerumani walipojenga kituo Rungwe. Hilo tunalijua wote. Nilichokuwa sikijui ni walikoanzia.

Mwaka 1731, mjini Copenhagen, mtumwa aliyeitwa Anton kutoka kisiwa cha St. Thomas huko Karibi alikutana na Nikolaus von Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian. Anton akamweleza hali ya watumwa wa kisiwani, na kwamba dada yake alitamani kumjua Mungu. Mwaka 1732 Leonhard Dober na David Nitschmann wakasafiri kwenda St. Thomas. Hiyo ndiyo misheni ya kwanza ya Wamoravian nje ya Ulaya. Kanisa la bibi lilijifunza kazi ya misheni kwa watumwa weusi wa Karibi, miaka 159 kabla ya Rungwe.

Mmoja wa wahubiri wao wakubwa alikuwa Rebecca, mwanamke aliyezaliwa utumwani Antigua mwaka 1718 hivi, akapata uhuru, akawa anatembea shamba hadi shamba akiwafundisha wanawake. Alifariki mwaka 1780 katika nchi ambayo leo ni Ghana, alikokwenda na mume wake. Na mwaka 1843 kundi la Wakaribi 24, karibu wote Wamoravian wa Jamaika, liliondoka kwa mwito wa Misheni ya Basel likaenda Akropong, huko huko Ghana, kuishi na kufundisha. Karibu miaka tisini kabla ya Rastafari wa kwanza, wana wa Karibi walikuwa wamesharudi Afrika, wamebeba Biblia mkononi.

Sasa upande wa pili. Huko St. Thomas wamisionari walinunua shamba, na watumwa waliokuwa ndani yake wakanunuliwa pamoja nalo. Walihubiri jioni kwa watu waliowamiliki mchana. Utumwa katika visiwa hivyo ulikoma mwaka 1848, baada ya watumwa wenyewe kusimama kudai uhuru.

FUVU LA KALENGA

Kama unaona urithi wa watu wa mbali ndio pekee wenye utata, panda basi uende Iringa. Pale Kalenga kuna fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilirudishe. Lilirudi mwaka 1954. Gavana Twining alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi sana, na hili likachaguliwa kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa.

Je, ni lenyewe? Wanaojadili wapo. Lakini nenda Kalenga uone wazee wanavyovua kofia. Hawasalimii kipimo cha mfupa, wanamsalimia mtu aliyekataa kutawaliwa. Na makumbusho yale yanakumbusha jambo jingine pia, kwamba yapo mafuvu mengine mengi ya mababu zetu ambayo hayajarudi. Fuvu moja lenye utata limelibeba dai la kweli.

KABLA YA KUGAWANA

Nirudi kwenye mbolea ya babu. Desturi zetu, sheria za nchi na dini zetu zinakubaliana katika jambo moja: deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo mali igawanywe. Nadhani hicho ndicho kipimo cha kila jamii inayodai urithi, wawe Rastafari, Wamuri au Wamoravian. Maswali ni matatu.

Kwanza, nini kinaweza kuthibitishwa? Aseme ukweli, hata kama jina la ngoma yake lilikuja na gazeti la propaganda.

Pili, urithi huu unamfanyia mtu nini leo? Unamnyoosha mgongo, au unamfundisha kudharau wenzake? Kina kaka wameacha pombe. Hilo ni jibu, ingawa si jibu lote.

Tatu, ambalo ndilo gumu: je, anachukua na madeni? Rastafari anayemwita Haile Selassie baba yake akumbuke pia kwamba utumwa ndani ya Ethiopia ulipigwa marufuku rasmi mwaka 1942 tu. Mwenye tarabushi ajue kwamba Sultani Moulay Ismail wa Moroko aliwakusanya watu weusi kwa nguvu akawafanya askari watumwa. Bibi na mimi, tunaoimba kanisani, tujue habari ya lile shamba la St. Thomas. Anayetaka sifa bila deni si mrithi, huyo ni mgeni wa msibani aliyekuja kula.

Na sisi tuliobaki Afrika tuna deni letu. Tumejifanya wenye nyumba wanaochungulia dirishani, tukiuliza wanaobisha hodi wana kitambulisho gani. Lakini kila siku kwenye daladala tunasema "Shusha Soweto!" bila mtu kutuuliza Afrika Kusini tulikwenda lini.

Likizo iliyopita nilimweleza bibi haya yote, jikoni, akichoma mahindi. Nilipofika mwaka 1732 akanizuia.

"Kwa hiyo hao watumwa walianza kusali kabla ya bibi yangu mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wamisionari nao walikuwa na watumwa?"

"Walikuwa nao."

Akageuza mahindi pole pole. "Hilo kwenye mafundisho hawakutuambia." Akanyamaza tena kwa muda. Halafu akasema, "Mwambie kaka yako Jumapili aje tule. Na kichwa chake aje nacho kilivyo."

Kaka alikuja. Hawakuzungumza habari za Jamaika wala za Rungwe, walizungumza bei ya viazi. Wazee wa ukoo hawajasema neno, na sharti lao halijafutwa. Juni hii tunakutana tena kulijengea kaburi la babu, na uzio bado upo pale pale. Safari hii msemaji akiuliza kama kuna mwenye neno, mimi ninalo. Nimechelewa mwaka mzima, na hilo ndilo deni langu.